Bamba la Kaakaa kwa Mtoto Mchanga Mwenye Mpasuko wa Mdomo: Lina Faida Gani Kabla ya Upasuaji?

Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa huanza maisha akiwa na ratiba ndefu ya matibabu. Kwa kawaida mdomo hufungwa kwa upasuaji afikapo umri wa miezi 3 hadi 6, na kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18. Baadaye huja mafunzo ya usemi, uangalizi wa masikio, na mpangilio wa meno. Kati ya siku ya kuzaliwa na upasuaji wa kwanza kuna majuma kadhaa ambayo wazazi wengi huyaona kuwa ya kungoja tu. Ni katika majuma hayo ambapo baadhi ya hospitali duniani hutoa tiba nyingine: humvalisha mtoto bamba dogo la plastiki kinywani, kwa nia ya kuzisogeza pande mbili za taya la juu zikaribiane kabla daktari hajashika kisu.

Tiba hiyo haipatikani kila mahali. Katika Afrika Mashariki madaktari bingwa wa mpangilio wa meno ni wachache, na wengi wao hufanya kazi katika miji mikubwa. Mzazi anayesikia kwamba watoto wa Ulaya na Marekani huvalishwa bamba huweza kuingiwa na hofu kwamba mwanawe amenyimwa jambo la lazima. Mhudumu wa afya naye huweza kushikilia rufaa akidhani kuwa upasuaji hauna maana bila maandalizi hayo. Kwa sababu hiyo, kujua bamba linafanya nini na halifanyi nini ni jambo linalogusa maisha ya watoto, wala si mjadala wa mabingwa peke yao.

Mpasuko hutokea vipi

Duniani kote, takriban mtoto 1 kati ya kila watoto 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Miongoni mwa watu wa asili ya Kiafrika kiwango huwa chini kidogo, lakini idadi ya vizazi ni kubwa, na kila hospitali ya mkoa huwaona watoto hao mwaka hadi mwaka. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa huungana baadaye kidogo na hukamilika kufikia wiki ya 12. Wakati huo mama wengi hawajahudhuria kliniki hata mara moja, na baadhi hawajajua kuwa ni wajawazito. Sehemu hizo zisipokutana, mwanya hubaki. Sababu ni mchanganyiko wa urithi na mazingira, na mara nyingi haiwezekani kuonyesha kwa kidole sababu moja ya mtoto mmoja. Mama hakumcheka mlemavu, wala hakuna sungura aliyehusika. Jina la mitaani, mdomo wa sungura, limezoeleka sana, lakini ni heri vituo vya afya vikaliacha nje ya mlango.

Mpasuko ulio kamili hukata mdomo, ufizi na kaakaa lote hadi kwenye kilimi. Msuli unaouzunguka mdomo, ambao kwa mtoto mwingine hufunga kama mkanda, huwa umekatika, na ncha zake zimejishikiza pembeni mwa pua. Kwa kuwa hakuna mkanda wa kulizuia taya, upande mkubwa wa ufizi hujitokeza nje. Ulimi nao huingia ndani ya mwanya na kuendelea kuutanua. Pua huvutwa, tundu la upande wenye mpasuko hulala na kupanuka. Mpasuko ukiwa wa pande zote mbili, kipande cha katikati cha taya hubaki bila kizuizi chochote na huweza kuchomoza mbele kiasi cha kuonekana kama kinaning'inia chini ya ncha ya pua. Daktari wa upasuaji anayekutana na mwanya mpana hulazimika kuvuta ngozi na misuli kutoka mbali. Mshono unaovutwa sana huweza kufumuka au kuacha kovu pana.

Wazo la zamani, vifaa vipya

Wazo la kuupunguza mwanya kabla ya kushona lina zaidi ya miaka 300. Mwaka 1686 Hoffmann alieleza kofia yenye mikanda iliyopita usoni ili kuirudisha nyuma sehemu iliyochomoza. Karne moja baadaye, huko Ufaransa, Desault alitumia bendeji kwa lengo lilelile. Bamba la kisasa lilianzia Uskoti mwaka 1950, pale Kerr McNeil alipotengeneza mfululizo wa mabamba, kila moja likitofautiana kidogo na lililotangulia, ili yausukume ufizi hatua kwa hatua. Mwaka 1975 Georgiade na Latham walikuja na kifaa chenye nguvu zaidi, kilichofungwa kwa pini ndani ya taya na kukazwa kwa skrubu. Huko Zürich, Margaret Hotz alichukua njia ya upole: bamba lisilosukuma kitu, linaloufunika mwanya tu, kuuzuia ulimi usiingie na kuliacha taya likue kwa mwendo wake. Kisha mwaka 1993 Barry Grayson na wenzake wa New York waliongeza kwenye bamba mkono mdogo wa waya uliofunikwa kwa plastiki, unaoingia katika tundu la pua na kuinua gegedu yake iliyolala.

Tiba ilienea kabla ushahidi haujapatikana, jambo ambalo si geni katika udaktari. Wataalamu walipoihesabu Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta vituo 201 vikitumia taratibu 194 tofauti kutibu mpasuko kamili wa upande mmoja. Zaidi kidogo ya nusu ya vituo hivyo vilitumia bamba, na vingine havikulitumia kabisa. Kila upande uliamini kuwa njia yake ndiyo bora. Watetezi wa bamba walilisifu kwa mengi: mtoto angenyonya vizuri, angeongezeka uzito, taya lingekuwa na umbo jema, upasuaji ungekuwa mwepesi, usemi ungenyooka, na mama angetulia moyo.

Jaribio la Uholanzi

Njia ya haki ya kupima madai kama hayo ni kuwagawa watoto kwa kura, ili daktari asije akawapeleka wenye hali nzuri upande mmoja bila kukusudia. Kati ya mwaka 1993 na 1996 vituo vitatu vya Uholanzi, yaani Amsterdam, Nijmegen na Rotterdam, vilifanya hivyo. Watoto 54 wenye mpasuko kamili wa upande mmoja waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilivalishwa bamba la namna ya Zürich tangu majuma ya mwanzo hadi kaakaa laini lilipofungwa, walipokaribia umri wa mwaka mmoja. Kundi la pili halikuvaa chochote. Upasuaji ulikuwa wa namna moja kwa wote. Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini mpasuko wa aina moja iliyo safi si wengi, na uzito wa jaribio hili unatokana na subira yake: watoto walifuatiliwa kwa miaka mingi, nalo likatoa majibu kwa kila dai, moja baada ya jingine.

Kuhusu kulisha, hakukuwa na tofauti. Watoto wenye bamba hawakunyonya vizuri zaidi, hawakuwa wazito zaidi, wala warefu zaidi. Utafiti mwingine wa kura, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2007, ulifikia jibu hilohilo.

Kuhusu umbo la taya, tofauti ilionekana mwanzoni, kisha ikapotea. Watoto walipofikia umri wa miaka 4 na 6, meno ya juu na ya chini yalikutana kwa namna ileile katika makundi yote mawili. Kuhusu sura, picha za uso wote za watoto wenye bamba zilipendeza zaidi kidogo machoni pa watazamaji watoto hao walipokuwa na miaka 4. Kufikia miaka 6 ni wataalamu tu walioiona tofauti, tena katika picha za pua na mdomo peke yake. Kuhusu usemi, wasikilizaji walihisi kwamba watoto wa umri wa miaka 2 na nusu waliovaa bamba walieleweka zaidi, lakini maneno yaliyoeleweka yalipoandikwa na kuhesabiwa, tofauti haikuwapo. Mama wa kundi moja hawakuridhika kuliko wa kundi la pili.

Kwa bamba lisilosukuma, basi, jibu liko wazi kadiri majibu ya tiba yanavyoweza kuwa wazi: kwa mtoto mwenye mpasuko kamili wa upande mmoja, halileti faida ya kudumu inayolingana na gharama na usumbufu wake. Kwa bamba la Latham lenye pini habari ni nzito zaidi. Ufuatiliaji wa Samuel Berkowitz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa kwa kifaa hicho pamoja na kushonwa ufizi mapema walipata kwa wingi zaidi kasoro ya meno ya mbele ya juu kuangukia nyuma ya yale ya chini.

Kwa nini halikutimiza ahadi

Sababu ya kwanza imo katika ufundi wenyewe wa kunyonya. Mtoto anaponyonya, hufunga midomo mbele na kuinua kaakaa laini nyuma, kisha hushusha ulimi. Nafasi iliyofungwa pande zote ndiyo inayozaa mvuto. Bamba hufunika kaakaa gumu tu. Kaakaa laini, lililo nyuma, hubaki wazi kama lilivyokuwa, na hewa huendelea kupita puani. Ni sawa na kunywa kwa mrija uliotoboka: kuziba tundu moja hakusaidii ikiwa jingine limeachwa. Wapo watoto ambao bamba huwapa sehemu ngumu ya kubania chuchu, nao huonekana kutulia zaidi, lakini mvuto hauzaliwi.

Sababu ya pili ni kwamba mdomo uliokwisha kushonwa ni bamba bora kuliko bamba lolote. Msuli ukiunganishwa, ule mkanda uliokosekana hurudi na kuubana ufizi mchana na usiku, bila kuvuliwa wala kuoshwa. Katika miezi michache baada ya upasuaji, pande za taya hukaribiana zenyewe. Ndiyo maana makundi mawili ya Uholanzi yaliyoanza na matayo tofauti yaliishia mahali pamoja. Lililoamua zaidi ni upasuaji na ukuaji wa mtoto mwenyewe.

Habari ya pua

Bamba la Grayson, lile lenye mkono wa kuinua pua, linastahili hukumu yake lenyewe, kwa kuwa halilengi taya peke yake. Gegedu ya mtoto mchanga ni laini na hukubali kufinyangwa katika majuma ya kwanza, wakati homoni alizopata kwa mama zingali mwilini mwake, baadaye hukakamaa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba watoto waliotibiwa hivyo hutoka kwenye upasuaji wa kwanza wakiwa na pua yenye ulinganifu bora. Sehemu ya mafanikio hayo hupotea mtoto anapokua, na majaribio yaliyogawa watoto kwa kura ni machache, tena vipimo vyake havifanani. Yaelekea faida ipo kwa pua, lakini ukubwa wake na udumuo wake bado vinabishaniwa. Mtaalamu anayewaahidi wazazi kwamba kifaa hicho kitaondoa haja ya upasuaji mwingine wa pua huko mbele anaahidi asichoweza kukihakikisha.

Kazi yake si ndogo pia. Umbo la kinywa huchukuliwa kwa silikoni inayoganda, na ni lazima lichukuliwe hospitalini penye vifaa na watu wa kuokoa pumzi, kwa maana kipande kikikatika huweza kuziba koo. Bamba huvaliwa usiku na mchana, likishikiliwa kwa plasta mashavuni, na huvuliwa kuoshwa kila siku. Kila juma moja au mawili mtoto hurudi ili plastiki isagwe mahali fulani na kuongezwa mahali pengine, kwa kiasi kisichozidi milimita 1 hivi kwa mara moja. Ngozi ya mashavu huweza kuchubuka, ufizi huweza kupata vidonda, na bamba lililotoka mahali pake huweza kumsumbua mtoto kupumua. Familia inayoishi mwendo wa saa sita kutoka kliniki italipa nauli ya safari kumi au zaidi katika miezi mitatu, na mama huyohuyo ndiye anayepaswa kukamua maziwa mara nane kwa siku. Panapokuwa na mtaalamu mzoefu na familia iliyo karibu, ni chaguo la heshima. Pasipokuwa na hayo, kulilazimisha ni kumwongezea mama mzigo kwa ajili ya faida isiyo na hakika.

Mpasuko wa pande zote mbili wenye kipande cha katikati kilichochomoza sana ndio mahali ambapo madaktari wengi wa upasuaji bado huhitaji maandalizi ya namna fulani, kwa sababu kushona mdomo juu ya kipande hicho bila kukirudisha nyuma ni kazi ngumu. Lakini hata hapo mara nyingi njia nyepesi hutosha. Plasta inayopita kutoka shavu moja hadi la pili, ikiivuta midomo pamoja, hufanya kwa kiasi fulani kazi ya ule mkanda wa msuli na hupunguza upana wa mwanya. Hubandikwa juu ya plasta nyingine laini ya kulinda ngozi, iliyowekwa mashavuni na kubadilishwa mara chache, ili ngozi isichubuliwe kila siku. Haipaswi kufunika pua wala kuzuia kulisha. Mama hufundishwa siku moja, na anayemfundisha aweza kuwa muuguzi. Ni daktari atakayefanya upasuaji, hata hivyo, anayepaswa kuamua kama inahitajika.

Kinachoamua hatima ya mtoto

Wakati mabingwa wakijadiliana kuhusu milimita za mwanya, watoto wengi katika nchi zenye kipato cha chini hupotezwa na njaa. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa huonekana ananyonya: anahangaika, anameza hewa, anachoka, analala. Baada ya majuma matatu amekonda, na anapofikishwa hospitalini hafai kupewa dawa ya usingizi. Vituo vingi bado hutumia kipimo cha zamani cha mtoto aliye tayari kwa upasuaji wa mdomo: umri wa wiki 10, uzito wa pauni 10, yaani takriban kilo 4.5, na himoglobini ya gramu 10. Hakuna bamba linaloweza kumfikisha hapo; ni maziwa.

Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo peke yake kwa kawaida huweza kunyonya titi, hasa mama akiziba mwanya kwa titi lenyewe au kwa kidole gumba. Mwenye mpasuko wa kaakaa mara nyingi hawezi kupata maziwa ya kutosha kwa kunyonya tu. Mama asaidiwe kukamua maziwa tangu siku ya kwanza, kabla hayajapungua, na mtoto apewe kwa kikombe kidogo, kwa kijiko, au kwa chupa laini inayobonyezwa kwa kadiri mtoto anavyomeza. Mtoto akae karibu wima. Maziwa yakitokea puani si hatari. Mama apumzike kidogo, ampanguse, aendelee. Kupaliwa kila mara, kubadilika rangi, au kukoroma kwa shida ni jambo jingine, na mtoto huyo apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Acheuliwe mara nyingi, kwa sababu humeza hewa nyingi. Mlo mmoja usizidi nusu saa, maana mtoto anayelishwa kwa saa nzima hutumia nguvu zote alizozipata.

Kiasi cha maziwa baada ya siku za mwanzo ni mililita 150 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 3 huhitaji takriban mililita 450, ambazo zikigawanywa katika milo minane hutoa chini kidogo ya mililita 60 kwa kila mlo. Uzito wa kuzaliwa unapaswa kurudi kufikia wiki ya pili, na baada ya hapo mtoto aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku. Kwa mtoto huyu, kupimwa mara moja kwa mwezi hakutoshi. Apimwe kila juma hadi mstari kwenye kadi ya kliniki utulie, na asiyeongezeka kwa juma zima asiambiwe arudi mwezi ujao.

Rufaa iandikwe katika siku za kwanza, si mtoto akikaribia kilo 4.5. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda zipo hospitali zinazofanya upasuaji huu bila malipo kwa ufadhili wa mashirika kama Smile Train, na wazazi wanaoelezwa hivyo mapema hupata muda wa kupanga safari. Barua ya rufaa itaje aina ya mpasuko, uzito wa kuzaliwa na wa siku hiyo, namna mtoto anavyolishwa, na kama ana kasoro nyingine, hususan ya moyo. Mtoto aliyekwisha kuvalishwa bamba mahali pengine aendelee nalo chini ya aliyelitengeneza. Likianza kumuumiza au kulegea, mama alivue, aendelee kumlisha kwa kikombe, na apige simu kliniki. Siku chache bila bamba hazitaharibu upasuaji.